Gari la posta la Marekani na gharama ya kusimama mlango kwa mlango

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye barua yake humsubiri kwenye sanduku lenye namba katika jengo la posta mjini, si rahisi kuelewa kwa nini gari la kupelekea barua liwe jambo la kugombaniwa mahakamani na bungeni kwa miaka kadhaa. Nchini Marekani tarishi huifuata nyumba, si mwenye nyumba kuifuata posta. Siku sita kwa wiki, Shirika la Posta la Marekani, USPS, hupeleka barua na vifurushi kwenye anwani zaidi ya milioni 160, na kwa kazi hiyo lina magari zaidi ya 200,000. Uamuzi wowote kuhusu gari la aina hiyo, hata uwe wa kifaa kidogo tu, huzidishwa mara laki mbili.

Ndiyo maana mkataba ambao shirika hilo liliipa kampuni ya Oshkosh Defense mwezi Februari 2021 umekuwa na mvutano mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Kwenye karatasi ni ununuzi wa magari tu: hadi magari 165,000 katika kipindi cha miaka 10. Ndani yake yamo maswali ambayo kila mji unaotegemea magari ya kusambaza mizigo utakutana nayo: ni injini gani inayofaa kazi ya kusimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku, nani alipe tofauti ya bei, na je, afya ya dereva ihesabiwe kama gharama au kama sehemu ya kazi yenyewe.

Gari lililopewa jina la maisha marefu

Gari linalobadilishwa linajulikana kwa herufi LLV, kifupi cha jina lenye maana ya gari la maisha marefu. Liliundwa na kampuni ya Grumman, ile iliyojulikana zaidi kwa kutengeneza ndege za kivita, kati ya mwaka 1987 na 1994. Bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo haishiki kutu. Chini yake kuna fremu na injini kutoka General Motors. Magari zaidi ya 140,000 yalitengenezwa. Yalikusudiwa kudumu miaka 20, baadaye muda huo ukaongezwa hadi 24, kisha 30. Mengi yao yamekwisha kuuvuka hata mpaka huo wa mwisho.

Usukani wake uko upande wa kulia, jambo ambalo dereva wa Nairobi au Dar es Salaam hataliona la ajabu, lakini katika nchi ambako karibu magari yote mengine yana usukani kushoto ni jambo la pekee. Sababu ni visanduku vya barua vilivyosimikwa kando ya barabara: tarishi anyooshe mkono dirishani, atumbukize barua, aende zake. Mahali ambapo nyumba zinabanana, huegesha, huchukua fungu lake na kutembea mtaa mzima kwa miguu. Ni gari lililobuniwa kwa kuufuata mwendo wa mwili wa mfanyakazi, na kwa zama zake lilikuwa kazi nzuri.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni usalama na joto. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva katika ajali, wala halina kiyoyozi, ila feni ndogo juu ya dashibodi. Kioo kikubwa cha mbele na bodi ya chuma chepesi huligeuza kuwa tanuri wakati wa kiangazi. Mamia ya magari haya yameshika moto katika miaka ya karibuni. Mwezi Juni 2023, tarishi mwenye umri wa miaka 66 alianguka na kufariki akiwa kazini mjini Dallas, jimbo la Texas, siku ambayo jua lilikuwa kali kupita kiasi, na kifo hicho kiliirudisha upya hoja ya hali ya magari hayo.

Kasoro ya pili ni mafuta, na hapa inafaa kusita kidogo.

Injini isiyopewa nafasi ya kupumua

Gari la kawaida hupimwa kwa safari. Gari la kusambaza mizigo mijini hupimwa kwa vituo. Kila linapoondoka, injini hutumia mafuta kuusukuma uzito wote kutoka kwenye utulivu. Mita chache mbele dereva hukanyaga breki, na nguvu yote ile iliyonunuliwa kwa petroli hugeuka kuwa joto kwenye magurudumu na kupotea hewani. Halafu injini huendelea kunguruma huku gari limesimama. Kisha mchezo huo huanza tena, mamia ya mara, mpaka jioni. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri zaidi inapokwenda kwa mwendo usiobadilika, na katika kazi hii mwendo huo haiupati kamwe.

Wahandisi wamelijua hilo kwa muda mrefu, na wamejaribu njia mbalimbali. Mwaka 2006 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, pamoja na kampuni ya usafirishaji ya UPS, walionesha gari la vifurushi lililohifadhi nguvu ya breki katika matangi ya mafuta ya haidroli yenye mgandamizo, kisha kuirudisha kwenye magurudumu gari linapoondoka. Katika vipimo vya maabara ufanisi wa mafuta uliongezeka kwa asilimia 60 hadi 70. Mwaka 2011 kampuni ya Isuzu ya Japani na ya Utilimaster ya Marekani zilileta gari jepesi la dizeli lililoitwa Reach, ambalo dereva huweza kuinuka kitini na kupita moja kwa moja hadi kwenye shehena bila kushuka. Watengenezaji walidai linaokoa mafuta kwa asilimia 35 likilinganishwa na magari ya daraja lake. UPS yenyewe ilikwenda mbali hata ikapanga njia za madereva wake ili wakate kona za kushoto kwa uchache, kwani mahali ambako magari hupita upande wa kulia, kukata kushoto ni kusubiri, na kusubiri ni kuchoma mafuta bure.

Hata hivyo, jibu ambalo fizikia ya kazi hii inalielekea ni mota ya umeme. Haili chochote gari linaposimama. Linapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Njia ya tarishi inajulikana tangu asubuhi, ni fupi, na usiku gari hulala katika yadi ileile, hivyo hofu ya kuishiwa na chaji njiani, inayowazuia wengi kununua magari ya umeme, hapa haina uzito. Ukitafuta kazi moja ambayo gari la umeme linaifaa kuliko zote, huenda ukaishia kwenye upelekaji wa barua.

Ratili moja

Pamoja na hayo, mpango wa kwanza wa USPS ulikuwa kwamba ni asilimia 10 tu ya magari mapya yatakayotumia umeme. Mengine yote yangekuwa ya petroli. Uongozi wa Louis DeJoy, aliyekuwa Mkuu wa Posta tangu mwaka 2020, ulijitetea kwa hoja ya fedha: shirika hilo kwa kawaida haliendeshwi kwa kodi bali kwa mauzo ya stempu na huduma, na limekuwa likipata hasara mwaka baada ya mwaka. Gari la umeme ni ghali zaidi kulinunua, na yadi za posta zinahitaji nyaya na vituo vya kuchajia. Hoja hiyo haikuwa ya kubeza. Mwaka wa fedha wa 2024 pekee, hasara ya shirika ilifikia dola bilioni 9.5.

Lakini tarehe 2 Februari 2022 EPA iliiandikia posta barua ya kukosoa tathmini yake ya mazingira, na miongoni mwa takwimu zilizojadiliwa mojawapo ilishika vichwa vya habari. Gari jipya la petroli, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, lilitarajiwa kwenda maili 8.6 kwa galoni moja. Lile kuukuu la mwaka 1987 huenda maili 8.2.

Sisi tunaofasiri habari hizi tuna wajibu wa kuzigeuza maili na galoni ziwe vipimo vinavyoeleweka, na wakati mwingine kazi hiyo ya kuchosha hufichua jambo. Kwa kilomita 100, LLV hunywa karibu lita 29 za petroli. Mrithi wake, baada ya zaidi ya miaka 30 ya maendeleo ya injini, angekunywa lita 27. Malori ya mizigo mizito yapo yanayokwenda kwa kiasi kama hicho.

USPS ilijibu kwamba bila kiyoyozi gari hilo hufika maili 14.7 kwa galoni, yaani lita 16 kwa kilomita 100, na kwamba kiyoyozi hakiwashwi mwaka mzima. Ni kweli, na haki inadai kusema kwamba ulinganisho ule wa 8.2 na 8.6 haukuwa sawa kwa sawa: gari la zamani halina kiyoyozi hata kidogo. Jipya pia ni refu kwenda juu, kiasi kwamba tarishi husimama wima ndani na kupita kati ya rafu za vifurushi badala ya kujikunja kama anayeingia pangoni. Sehemu ya mafuta yale, kwa maneno mengine, ni bei ya kutomwacha mtu aungue. Ninachokiona kuwa udhaifu wa hoja ya posta ni kwamba gari la petroli lilitakiwa kuchagua kati ya mambo mawili, kumpoza dereva au kuokoa mafuta, ilhali katika gari la umeme uchaguzi huo si mkali hivyo.

Kisha likajitokeza jambo la uzito. Nyaraka zilionesha kwamba uzito wa juu wa gari jipya likiwa limejaa mzigo ni ratili 8,501. Sheria za Marekani huyahesabu kuwa magari mepesi yale yasiyozidi ratili 8,500. Kwa ratili moja iliyozidi, chini ya nusu kilo, uzito wa mfuko mdogo wa sukari, gari la barua likaingia katika kundi la magari mazito, ambalo masharti yake ya mafuta na moshi ni mepesi zaidi. Msomaji ataamua mwenyewe kama hilo lilikuja kwa bahati.

Mwezi Aprili 2022 majimbo 16 yalifungua kesi, pamoja na mashirika ya mazingira. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, nacho kiliingia mahakamani, kwa sababu nyingine kabisa: Oshkosh ina wafanyakazi wenye chama katika jimbo la Wisconsin, lakini ilichagua kujenga magari ya posta Spartanburg, South Carolina, jimbo ambalo vyama vya wafanyakazi havina nguvu.

Fedha zilizobadili msimamo

Kilichobadili mkondo ni Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, iliyotiwa saini na Rais Joe Biden mwezi Agosti 2022, ikiitengea posta dola bilioni 3: bilioni 1.29 za magari yasiyotoa moshi na bilioni 1.71 za miundombinu ya kuchajia. Miezi minne baadaye, tarehe 20 Desemba, DeJoy yuleyule alitangaza mpango mpya. Kati ya magari 106,000 yatakayopokelewa hadi mwaka 2028, 66,000 yangekuwa ya umeme, na kuanzia 2026 magari mapya ya Oshkosh yangenunuliwa ya umeme matupu. Gharama nzima ilikadiriwa kufikia dola bilioni 9.6. Ili kutosubiri kiwanda, shirika liliagiza pia magari 9,250 ya Ford yaliyokwisha kuwepo sokoni.

Gari la kwanza la Oshkosh lilianza kupeleka barua katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mwezi Agosti 2024. Sura yake ilichekwa mitandaoni: boneti fupi na ya chini, kioo cha mbele kikubwa kuliko kawaida, kama bata aliyeinua kichwa. Matarishi waliohojiwa na vyombo vya habari hawakujali sura. Walizungumzia kiyoyozi, kamera za kuwaonesha kila upande na kuweza kusimama wima.

Ila magari yalikuwa machache mno. Desemba 2024 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba hadi mwezi uliotangulia ni 93 tu yaliyokuwa yamekabidhiwa, wakati mpango ulitarajia maelfu. Ucheleweshaji huo uliwapa wapinzani silaha waliyokuwa wakiitafuta.

Rais Donald Trump aliporejea madarakani Januari 2025, magari ya umeme yalikwisha kuwa alama ya kisiasa zaidi ya kuwa mashine. Seneta Joni Ernst wa Iowa na mbunge Michael Cloud wa Texas, wote wa chama cha Republican, waliwasilisha muswada wa kuzirudisha serikalini fedha ambazo hazijatumika. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka na mpigakura: mabilioni yametengwa, magari hayaonekani. Katika muswada mkubwa wa bajeti wa mwaka huohuo kikaingizwa kifungu cha kuilazimisha posta iyauze magari yake ya umeme pamoja na vituo vya kuchajia.

USPS, ambayo miaka mitatu kabla ilishutumiwa kwa kuupuuza umeme, sasa ilijikuta ikiutetea. Mwezi Juni 2025 iliwaonya maseneta kwamba uuzaji huo ungeisababishia hasara ya dola bilioni 1.5: bilioni moja ya kuyabadilisha magari yaliyokwisha kununuliwa, ambayo wakati huo yalikuwa yapata 7,200, na milioni 500 za miundombinu ambayo ingebaki bila kazi. Vituo vya kuchajia vilivyofukiwa chini ya yadi za posta havina mnunuzi. Siku chache baadaye mshauri wa kanuni za Baraza la Seneti, Elizabeth MacDonough, aliamua kwamba kifungu hicho hakistahili kupitishwa kwa njia ya bajeti inayohitaji kura za wingi mdogo. Kikaondolewa.

Sokoni nako

Pembeni ya posta, kampuni binafsi zimekuwa zikienda kwa mwendo wa kupanda na kushuka. Amazon iliagiza magari 100,000 ya umeme kutoka Rivian mwaka 2019, yafikishwe ifikapo 2030. Gari hilo nalo lina mlango wa kupita kutoka kwenye usukani hadi nyuma. General Motors ilianzisha BrightDrop Januari 2021 ikilenga soko hilohilo, lakini Oktoba 2025 ilitangaza kuacha kuyatengeneza katika kiwanda chake cha Ingersoll, jimbo la Ontario, Canada, ikitaja soko lililokua polepole kuliko matarajio. Wiki chache kabla, tarehe 30 Septemba, ruzuku ya kodi ya serikali kwa wanunuzi wa magari ya umeme, yakiwemo ya biashara, ilikuwa imefikia kikomo.

Kwa UPS, mojawapo ya masuala ya mvutano uliokaribia kuzua mgomo mkubwa mwaka 2023 halikuwa betri bali joto. Chama cha Teamsters, kinachowakilisha wafanyakazi wake wapatao 340,000, kilipata katika makubaliano ya Julai mwaka huo ahadi kwamba magari ya vifurushi yatakayonunuliwa kuanzia 1 Januari 2024 yatakuwa na viyoyozi. Yale ya zamani yakaongezewa feni. Kwa hesabu ya mafuta ni mzigo mpya, na kampuni imekubali kuubeba kwa sababu wafanyakazi walikuwa tayari kusimamisha vifurushi vya nchi nzima.

Afrika Mashariki haina gari la namna hii, na huenda isiwe nalo karibuni. Kifurushi cha Kampala au Kigali hufika mgongoni mwa pikipiki. Lakini mantiki ya safari fupi, vituo vingi na kurudi nyumbani usiku ni ileile, na Rwanda imeifuata kwa njia ya amri: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali husajiliwa zikiwa za umeme pekee. Serikali iliyofanya hivyo haikuwa na yadi 17,000 za kuzifumua wala magari ya miaka 30 ya kuyaaga, na betri ya pikipiki hubadilishwa kituoni kwa dakika chache. Ni wepesi wa kuanza upya ambao Wamarekani hawana.

Mkuu mpya wa Posta, David Steiner, aliyeingia ofisini Julai 2025 baada ya DeJoy kujiuzulu mwezi Machi, alitokea kwenye bodi ya wakurugenzi ya FedEx, kampuni inayoijua vizuri bei ya kusimama na kuondoka. Amerithi mkataba ambao unaruhusu magari ya petroli na ya umeme kutoka kiwanda kimoja, na uwiano kati yake unaweza kubadilishwa oda kwa oda. Fedha za sheria ya mwaka 2022 zinaruhusiwa kutumika hadi tarehe 30 Septemba 2031. Kufikia siku hiyo LLV ya kwanza, kama itakuwa bado inazunguka mitaani na feni yake ndogo juu ya dashibodi, itakuwa na umri wa miaka 44.